Askari wa Pontormo: jina lake lina uzito

Katika Jumba la Makumbusho la Getty, Los Angeles, kuna picha ya barubaru wa Florence aliyevaa kofia nyekundu na mkufu wa dhahabu, ameshika mpini wa mkuki wa shoka, mkono mwingine kiunoni. Aliyeichora ni Pontormo, mchoraji wa Florence wa karne ya 16. Mwaka 1989 ilinunuliwa kwa dola milioni 35.2, na mpaka leo haijathibitika aliyechorwa ni nani.

Wapo wanaosema jina halina maana, picha itazamwe kwa uzuri wake. Hoja hiyo ina nguvu: kiuno kile chembamba kupita kiasi na macho yale yasiyotulia vinamshika hata asiyejua lolote kuhusu Italia.

Lakini tazama tofauti wanayoipuuza. Kama ni Cosimo de' Medici, picha ni ya mwaka 1537 hivi, na tunayemwona ni mtawala aliyetoka tu kukabidhiwa mji. Kama ni Francesco Guardi, ni ya 1529 au 1530, majeshi ya Kaisari na Papa yameuzingira mji, na huyu ni kijana anayeilinda jamhuri ambayo Agosti 1530 ilisalimu amri, Wamedici, ukoo wa Cosimo, wakarudi kutawala. Mkao ni uleule, ila mmoja ameshika silaha ya ushindi na mwenzake anakaribia kushindwa. Yale macho nayo yanabadilika: kwa Cosimo ni majivuno ya ujana, kwa Guardi ni hofu inayofichwa. Mtazamaji atayasomaje bila kujua?

Upande wa Cosimo unategemea orodha ya mali ya mwaka 1612 inayomtaja, pamoja na beji ya kofia yenye Hercules, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akipambana na jitu Antaeus, alama inayohusishwa na Cosimo. Beji hainishawishi, kwani Hercules alikuwa kwenye muhuri wa jamhuri ya Florence muda mrefu kabla ya Cosimo kuzaliwa. Orodha nayo iliandikwa zaidi ya miaka 50 baada ya Pontormo kufa. Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii wa Italia aliyemfahamu mchoraji mwenyewe, aliandika kwamba wakati wa mzingiro Pontormo alimchora Francesco Guardi katika mavazi ya askari.

Getty wameandika jina la Guardi, wakaongeza alama ya kuuliza. Ibaki, maana Vasari hakutueleza picha yenyewe ilivyo. Ila anayemwita kijana huyu Cosimo ndiye mwenye kazi kubwa zaidi ya kuleta ushahidi.