Chumvi ya Uvinza na afya ambayo haihesabiwi hospitalini

Jikoni kwetu hapa Ujiji kuna kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na ndani yake mna chumvi ya Uvinza. Marehemu mama aliinunua kwa kupimiwa sokoni, akaiweka kwenye kifuu karibu na mafiga. Mimi sitoi fedha kabla sijasoma mfuko na kuona kama umeandikwa "madini joto". Nimefundisha sayansi kwa miaka mingi, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mkoa wetu wa Kigoma ungezungumzia afya kwa namna nyingine kabisa kama mazungumzo yangeanzia kwenye kopo hilo, badala ya kuanzia kwenye jengo la hospitali kama tulivyozoea.

Mwili wa binadamu unahitaji madini joto kwa kiasi kidogo mno, lakini bila hayo tezi ya shingo haiwezi kufanya kazi yake. Katika nyanda za juu, mvua za karne nyingi huyaosha kutoka kwenye udongo, kwa hiyo mahindi na maharage yanayolimwa huko huwa hayana madini hayo ya kutosha, na mkulima anayekula mazao ya shamba lake mwaka mzima hana pengine pa kuyapata. Tezi hujaribu kufidia kwa kuvimba, na hiyo ndiyo rovu ambayo tulizoea kuiona shingoni mwa watu wazima kutoka upande wa Kasulu. Rovu, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya madhara. Mjamzito aliyepungukiwa madini joto anaweza kuharibikiwa mimba, au akajifungua mtoto ambaye ubongo wake haukukua ipasavyo, na mtoto huyo atakuja kukaa kwenye dawati akiitwa mzito wa kuelewa, wakati kilichompata kilimpata kabla hajazaliwa. Daktari bingwa hata awe hodari namna gani hawezi kukirudisha. Kinachoweza kumwokoa ni chumvi aliyoila mama yake, na ndiyo maana katika miaka ya 1990 Serikali iliweka kanuni kwamba chumvi ya kula lazima iwekwe madini joto. Hatua hiyo haikumtaka mama yeyote apange foleni, wala haikumtaka ajue chochote. Iliingia kwenye chungu chake pamoja na maharage.

Daktari Mwingereza Geoffrey Rose aliandika mwaka 1985 kwamba kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kwa nini mtu huyu ameugua. La pili ni kwa nini jamii hii ina wagonjwa wengi kuliko jamii ile. Tabibu anayekabiliana na mgonjwa mezani pake hulazimika kujibu la kwanza, na ni haki yake, lakini jibu lake mara nyingi halisemi lolote kuhusu la pili. Mimi ninaona kwamba katika mikutano yetu ya hadhara swali la pili haliulizwi kabisa.

Msimu mmoja wa mvua, mtoto wa jirani yangu aliharisha mara tatu kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Kila mara alipelekwa zahanati, na kila mara alipewa ORS na vidonge vya zinki, ambayo ndiyo tiba sahihi, na akapona. Alipougua mara ya tatu mama yake alinijia jioni, akakaa kwenye ngazi za baraza, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto wangu damu yake ndiyo dhaifu, au kuna mkono wa mtu?" Sikumjibu papo hapo. Nilikwenda naye hadi kwake. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye ndoo isiyo na kifuniko, kikombe kimoja kikielea juu, na kila aliyeingia, mkubwa kwa mdogo, alikichovya kwa mkono uleule aliotoka nao nje. Maji yenyewe yalichotwa ziwani siku ambazo bomba la mtaa halikutoa, na siku hizo zilikuwa nyingi. Choo cha nyumba tatu kilikuwa kimejaa, na mvua ilikuwa ikikifurisha kuelekea bondeni. Mtoto yule alikuwa akitibiwa vizuri kisha akirudishwa kwenye ndoo ileile. Nilimwambia, "Dada, damu ya mtoto haina kasoro." Kumwambia achemshe maji ilikuwa rahisi, lakini mkaa wa kuchemshia maji ya watu saba kila siku ungetoka wapi, mimi sikuwa na jibu la kumpa, na ninaona ni kosa kumlaumu mama kwa jambo ambalo mfuko wake hauliwezi.

Tuliyashuhudia mambo haya kwa ukubwa wa kutisha mwezi Mei 2015, wakati makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima mikali na ziwa. Ziwa lilelile lilikuwa la kunywa, la kuoga na la kujisaidia. Kipindupindu kilipoingia, kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa wamepita 3,000 na watu wapatao 30 walikuwa wamefariki. Vimelea vya kipindupindu havikujali nani ni mkimbizi na nani ni mwenyeji. Dripu ziliokoa maisha ya wengi, na wauguzi waliozitundika wanastahili heshima yetu yote, lakini mlipuko ulizimwa pia kwa maji safi, vyoo, chanjo, na meli ya MV Liemba iliyokuwa ikiwatoa watu pale penye msongamano na kuwaleta Kigoma mjini, ambako walipokewa kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita nchi nzima kwa njia ya redio, na watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Ninalolithamini zaidi ni yale majadiliano, kwa sababu mtu aliyekitafuta chanzo cha ugonjwa pamoja na jirani zake hulishika jembe kwa moyo tofauti na yule aliyetishwa faini na bwana afya.

Kuna neno moja linalonisumbua sana, nalo ni wastani. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 ulionesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa nchini, 7 hivi walikuwa na vimelea vya malaria. Takwimu hiyo ilipokewa kwa furaha, na ilikuwa na sababu ya kufurahiwa. Lakini mkoani Kigoma walikuwa 24. Anayepanga bajeti akiwa na ile 7 kichwani atatuletea vyandarua vya nchi ambayo sisi hatuishi. Na hata hiyo 24 inaficha mambo, maana mtoto anayelala kwenye nyumba yenye dari na wavu madirishani si sawa na yule wa kwenye kibanda cha tembe kando ya mashamba ya mpunga ya bonde la Luiche. Kinachowatenganisha hao wawili ni fundi, bati, mbao na kipato cha baba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana kwenye dirisha la dawa.

Sisemi kwamba hospitali haina kazi. Hospitali ya Mkoa ya Maweni yenyewe inatukataza kusema hivyo. Kati ya mwaka 1984 na 1991, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walishusha vifo vya akina mama wajawazito hospitalini hapo kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Walifanya hivyo kwa kupitia kila kifo na kuuliza kilisababishwa na nini, kisha wakachukua hatua 22 kwa kutumia zaidi kile kilichokuwapo mkoani, pamoja na kubadili namna watumishi walivyoifanya kazi yao. Ninapoisoma habari hiyo ninamwona daktari aliyekuwa wodini lakini akifikiri kama mtu wa afya ya umma: hakuhesabu wagonjwa mmoja mmoja tu, alitafuta mahali ambapo njia yao wote ilikuwa ikikatika.

Ndiyo maana mkutano wa mtaa wetu utakapoitishwa, na ombi la kuongezewa jengo la zahanati litakapotolewa kama kawaida, sitalipinga, lakini nitaomba mambo mawili yaandikwe kwanza kwenye muhtasari. Moja ni idadi ya siku ambazo bomba letu lilitoa maji kwa mwezi, zihesabiwe na zisomwe hadharani kila mkutano, kama tunavyosoma mapato na matumizi. La pili ni chumvi inayouzwa kwa kupimiwa madukani bila maandishi yoyote: afisa afya wa kata apite kuipima, kwa kuwa kipimo chake ni matone machache tu yanayobadili rangi ya chumvi ikiwa ina madini joto, na matokeo yake mama yeyote anaweza kuyaona kwa macho yake akiwa amesimama pale dukani. Jirani yangu amekwisha kubali kuanza kuzihesabu siku za bomba. Ametundika kalenda nyuma ya mlango, na kila asubuhi yenye maji anaweka alama kwa mkaa. Jana nilipopita, mwezi ulikuwa umefika tarehe 19, na alama zilikuwa sita.