Kikao cha Ukoo Kuhusu Kipara Changu

Kipara changu kilianzia pembeni mwa paji, kikawa kinarudi nyuma kimyakimya kama mtu anayekwepa deni. Mke wangu hakuwa na neno nacho. Mimi ndiye niliyekwenda famasi, hapa Dar, kununua minoksidili ya kupaka.

Mfamasia, kijana msomi, akanipa na historia bure. Dawa hii ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakashangaa wanaota nywele hadi mashavuni. Basi ikatengenezwa ya kupaka, na Marekani ikairuhusu kwa vipara vya wanaume mwaka 1988. Shikeni hapo kwenye mashavu.

"Mililita moja asubuhi, moja jioni. Ikauke kabla hujalala. Na subira, mzee, miezi minne hivi."

Wiki za mwanzo nywele zikapukutika kuliko zamani. Eti ni kawaida, zilizochoka zinazipisha mpya. Mke wangu akaliangalia taulo: "Baba watoto, hii dawa ya kuotesha au ya kufyeka?"

Sasa fikiria Dar ya Februari, umeme umekatika, feni imenyamaza. Dawa itakaukia wapi? Jasho likaiteremsha usoni, iliyobaki ikanywewa na mto. Na mto wetu ni mmoja, ule mrefu, zawadi ya harusi.

Upande wangu aligundua kinyozi. "Kaka, na hizi zilizopanda juu ya nyusi nizipitishie mashine?" Utosini alipapasa, akasema kuna dalili. Mke wangu aligundua mwenyewe, kwenye kioo: malaika weusi, wengi, shavu lile lile analolalia. Hakupiga kelele. Alibeba godoro la wageni akahamia sebuleni.

Mama mkwe akasikia tunalala mbalimbali. Kikao kikaitishwa. Baba mdogo wa mke wangu akaanza kwa upole:

"Mwanangu, amekupiga?"

"Hapana, baba."

"Ana mwanamke nje?"

"Hapana. Ana nywele."

Ikabidi nieleze yote, na kuwahakikishia kwamba za shavuni huondoka zenyewe ndani ya miezi michache, dawa ikiacha kugusa ngozi. Kina mama wakamvuta binti yao dirishani, wakakagua shavu kwa zamu. Baba mdogo, ambaye kofia haimtoki hata msibani, akanishika mkono hadi kibarazani.

"Mkwe," akaninong'oneza, "huo mto mmeshautupa?"