Miti ya Julai

Kampuni niliyowahi kufanyia kazi hapa Dodoma ilitupakia kwenye Coaster Jumamosi moja ya Julai, fulana mpya, kofia mpya, kwenda Nzuguni kupanda miti. Asiyefika aandike maelezo. Mama mmoja, mhudumu wetu wa ofisi, mzaliwa wa Bahi, aliyatazama yale mashimo ya vumbi akacheka. "Hii hamuipandi, mnaizika." Huku kwetu mvua huja Desemba na kuondoka Aprili, na kwa mwaka huzunguka milimita 600 tu, mwaka mwingine chini ya hapo. Angeulizwa, angesema. Hakuulizwa. Picha zilipigwa, tukapewa soda. Septemba nilipopita pale nilikuta vijiti.

Njiani kurudi hatukuzungumzia miti. Tulizungumzia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: tulikuwa tunakatwa asilimia 10 kila mwezi, na miezi minne haikuwa imefika kwenye akaunti zetu.

Ndiyo maana mabosi wanaposema kurudisha kwa jamii kunaamsha ari ya wafanyakazi, mimi nakubali nusu. Mfanyakazi anayeona hundi ya mfano, kubwa kama mlango, ikikabidhiwa mbele ya kamera huku stahiki zake zimelala, haamki ari. Anaamka hasira. Na hata pasipo deni, mipango hii huwa ya meneja na halmashauri. Sisi tunaitwa siku ya fulana.

Nilipo sasa ni ofisi ndogo. Wazo lilitoka kwa vijana wa stoo: shule ya msingi anakosoma mtoto wa mmoja wao, upande wa Chamwino, haikuwa na maji. Bosi alitoa saruji, tenki la kukusanyia maji ya mvua na Ijumaa mbili za kazi, basi. Aliyesimamia ni fundi bomba wetu, mtu ambaye kwenye vikao sikuwahi kumsikia hata akikohoa. Siku hizo alitupangia kazi wote, bosi akibeba ndoo za mchanga, mhasibu akikoroga zege na viatu vyake vya ofisini (alikataa kabisa kuvua). Tangu hapo fundi anazungumza kikaoni, na anabisha.

Desemba, mvua ya kwanza ilipopiga, simu yangu iliita saa nne usiku. Mhasibu. Anataka kujua kama gata haivuji.