CT scan ya kupimia inaweza kupangia mionzi, ila sio kienyeji

Mtu wa Tabora mwenye mgonjwa wa kansa anaijua hii habari, unaambiwa mionzi iko Bugando Mwanza au Ocean Road Dar, unaanza kusaka nauli na ndugu wa kufikia. Mimi nasema siku kanda yetu ikiletewa mashine ya mionzi, tusikwamishwe na kusubiri CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) ya pili ya kupangia matibabu, hii ya kupimia ugonjwa itumike, ila iandaliwe kweli.

Kwanza kitanda. Cha CT ya kawaida kimebonyea katikati, mgonjwa analala kama yuko kwenye mtumbwi, wakati cha mashine ya mionzi ni bapa, sasa mgongo ukikaa tofauti na viungo vya ndani navyo vinahama, ile picha uliyopangia inakuwa sio yake tena. Kwahiyo unaweka juu ubao bapa wa kaboni, unafunga leza ukutani na darini, mistari yake inapokutana mwilini ndo unachora vitone vya tatuu, hivyo ndo vitafuatwa kila siku ya matibabu.

Alafu kuna tundu la mashine, pale mgonjwa anapoingizwa. CT nyingi za kupimia ni sentimita 70 hivi, za kupangia zinafika 80 na zaidi. Mama wa kansa ya matiti akinyanyua mkono juu ya kichwa kiwiko kinagonga. Ila saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndo inaongoza kwa wanawake nchini, mgonjwa anapita vizuri tu, tungeanza na hao.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni namba. Kompyuta inapiga hesabu ya dozi kwa namba za CT, yaani namba ambayo kila sehemu ya picha inapewa, maji 0, hewa -1000, na kuzigeuza kuwa msongamano lazima upige picha ya fantomu, kifaa cha majaribio chenye vipande ambavyo msongamano wake unajulikana, kwa kilovolti ileile utakayotumia kwa mgonjwa, mara nyingi 120. Sasa chumba hichohicho kinapokea majeruhi wa bodaboda usiku kucha, mtu anabadilisha seti (mipangilio ya mashine) apate picha nzuri, asubuhi nani atajua? Na tyubu inayotoa eksirei ikibadilishwa hesabu inakaguliwa upya.

Ningekuwa napanga mimi, ningetenga asubuhi mbili kwa wiki za mionzi tu, seti zake zifungwe, leza zipimwe kabla ya mgonjwa wa kwanza, na mwanafizikia tiba, mtaalamu wa kuhakiki mashine na dozi za mionzi, aajiriwe kabla hata ubao haujanunuliwa.