Kuhama Kihoto si kushindwa na ziwa

Kila Ziwa Naivasha linapopanda, mtaa wa Kihoto huwa habari ya taifa. Ilikuwa hivyo mwaka 2020, ikawa hivyo tena 2025: maji ndani ya nyumba, vyoo vimefurika, viboko karibu na milango ya watu, familia zikivushwa kwa boti pamoja na magodoro yao. Kisha ubishi huanza. Wapo wanaotaka wakazi waondoke kabisa kando ya ziwa, na wapo wanaosema kuondoka ni kukubali kunyang'anywa.

Wanaokataa kuhama si wakaidi. Wengine walinunua ploti kwa akiba ya miaka mingi. Wanajua pia kwamba ziwa hili hupanda na kushuka. Katika miaka ya 1940 lilipungua sana, kwa hiyo mzee anayesema maji yatarudi yalikotoka habahatishi. Halafu kuna suala la imani kwa serikali. Mei 2024, baada ya mafuriko, waliobomolewa nyumba kando ya mito ya Nairobi waliahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia. Aliyesikia hivyo akiwa Naivasha ana kila sababu ya kushikilia ukuta wake.

Lakini hofu hiyo ni ya kufukuzwa, na kuhama kwa mpango ni jambo jingine. Waliouharibia jina ni haohao wanaoutangaza, maana hufika na amri maji yakiwa yameshafika magotini. Anayehama mapema huondoka na mabati yake, mtoto wake akiwa amemaliza muhula, na anajua analala wapi. Majeshi yanalijua hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alirudi nyuma mbele ya Waingereza hadi akavuka mto Ruvuma mwaka 1917, na jeshi lake lilikuwa bado linapigana vita vilipokwisha Ulaya. Gharama ya ujanja huo, hata hivyo, waliibeba wapagazi Waafrika, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa pande zote mbili. Kwa hiyo swali la kuuliza Kihoto ni hili: mzigo wa kuhama ataubeba nani?

Hapo ndipo takwimu moja inaponisumbua. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria ilitaja kaya 75,987 zilizoathirika, zenye watu 379,935. Gawanya. Jibu ni watano kamili kwa kila kaya, hakuna hata mmoja anayezidi wala kupungua. Haiwezekani kutoka Turkana, Baringo na Nakuru hadi ufuo wa Victoria watu wagawanyike sawasawa namna hiyo. Kaya ziliorodheshwa, watu wakapatikana kwa kuzidisha. Kwa kugawa unga na mahema, makadirio hayo yanafaa. Kwa kuhamisha watu hayafai hata kidogo, kwa sababu hayasemi nani ana ploti na nani amepanga chumba, nani ni mjane anayeishi peke yake na nani analea wajukuu wanane. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua na kulipa kodi kila mwezi hana hati ya kuonyesha. Fidia ikitolewa kwa kufuata hati, itampita, naye atarudi kutafuta chumba cha bei nafuu palepale karibu na kazi. Watu watamwita mkaidi, ilhali hakuna aliyempangia pa kwenda.

Mimi nasema wahame, ila sajili itangulie amri. Wapangaji waandikwe kwa majina sawa na wenye nyumba, na makao mapya yawe mahali ambapo mtu anaweza kufika shambani asubuhi bila kumaliza mshahara kwa matatu. Na ardhi itakayoachwa isajiliwe kuwa ya ziwa, isigawanywe tena. Hili la mwisho ndilo lisilozungumzwa sana, na ndilo litakaloamua yote. Maji yakishuka, udongo ule utakauka, madalali watapima ploti upya, na mnunuzi atakayetoka mbali hatakuwa na njia ya kujua ziwa lilifika wapi.