Nyatiti Saa Nane Usiku

Tangaza pale Kondele, mtaani Kisumu, kwamba unaomba kusomea udaktari, unaletewa kiti. Tangaza kwamba unaomba digrii ya kurekodi sauti na akustika, yaani sayansi ya sauti, unaletewa wufa, lile spika la besi. Lilikufa tangu Krismasi, likiwashwa linanguruma tu, "hebu liangalie, si ndiyo kazi yako?" Shangazi naye anauliza kwa upole, ule upole wa matangani, kama kweli siku hizi hata udijee una digrii.

Na heri ingekuwa shangazi peke yake. Kozi zenyewe zimejificha majina. Kuna uhandisi wa akustika, ambao ni kuta, mitetemo ya injini na kelele za viwandani. Southampton kule Uingereza wana taasisi ya sauti na mitetemo tangu 1963, na hao hawana haja na kinanda chako, wanataka hesabu na fizikia. Kuna Tonmeister, neno la Kijerumani, mtu anayesoma noti kwa jicho moja na mita ya sauti kwa jicho la pili. Detmold, Ujerumani, wameifundisha tangu 1949, na Surrey wakaanza yao 1970. Hao wanachanganya fizikia, hesabu na muziki. Kisha kuna utengenezaji wa muziki, kama Berklee kule Boston, ambako lazima kwanza wakusikie ukipiga chombo. Mtu anajaza fomu ya kwanza akiota miksa yenye taa, mwaka wa kwanza anakabidhiwa milinganyo ya mawimbi hadi anaikumbuka kozi ya ualimu.

Karibu na nyumbani, Maseno wanafundisha muziki, palepale ikweta inapokatiza, na Kabarak huko Nakuru nao pia. Lakini usinunue kozi kwa jina la mlangoni. Fungua orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, uhesabu: kurekodi kuna masomo mangapi, elektroniki mangapi, kwaya mangapi. Kwaya zikiwa nyingi kuliko nyaya, ujue unaenda kuimba.

Sasa alama. Digrii Kenya inaanzia C+ kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, halafu kuna klasta: masomo manne, kila moja pointi 12, jumla 48. Muziki una karatasi tatu: ya vitendo, ya kusikiliza, na ya historia na uchambuzi. Nionyeshe shule yenye mwalimu wa muziki na maabara ya fizikia iliyo na kitu zaidi ya chati ya ukutani. Kwenye uchaguzi wa masomo, Muziki umetiwa kundi moja na Biashara na Kifaransa, na kila mzazi aliyewahi kuuza nyanya Kibuye anajua jibu ni Biashara.

Usidhani pia utaikimbia hesabu. Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ni logariti. Jirani akitoa amplifaya ya wati 100 akaleta ya wati 200, kaongeza desibeli 3 tu, na deni la chama. Swali la usaili linalopenda kuwaangusha watu ni hili: mashine mbili, kila moja desibeli 60, zikiwaka pamoja ni ngapi? Ukisema 120 umewasha ndege ya kivita jikoni. Ni 63.

Ukitaka Uingereza, unaomba kupitia UCAS, mfumo wao wa maombi ya vyuo vikuu, vyuo 5 kwa fomu moja. Vyuo vingi huko vitakutaka upitie mwaka wa matayarisho kwanza, kwa sababu KCSE hawaipi uzito wa A-level, mtihani wao wa mwisho wa sekondari. Kuna maelezo yako binafsi: maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla, nafasi zikiwemo. Watu wa sauti, hata ukimya wanakuhesabia! Usipoteze herufi 300 kusema ulipenda muziki tangu tumboni. Andika ulipima nini, kwa kifaa gani, kikaharibika wapi, ukafanyaje.

Halafu jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Achieng', na kale ka-alama juu. Cha KCSE kimekameza. Mtandao wa maombi ukikaona unawaka nyekundu, eti herufi isiyoruhusiwa. Chagua jina kama lilivyo kwenye pasipoti, uliandike hivyohivyo kila mahali, na hati nyingine ukazinyooshe kabla hujalipa ada yoyote.

Lakini hayo yote ni karatasi. Kinachoua ni rekodi za kutuma pamoja na maombi.

Kila mtu ana ushauri mmoja wa kuzuia kelele: bandika trei za mayai ukutani. Jameni, trei za mayai! Mawimbi ya sauti ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, yana urefu wa mita 3.4, trei ina sentimita tano za karatasi. Itapunguza mng'ao kidogo wa sauti nyembamba, besi ya matatu itapita kama mgeni rasmi. Kuzuia sauti ni uzito: ukuta ukiongezwa uzito maradufu unapata kama desibeli 6, na mwenye nyumba hatakuruhusu. Kinachowezekana ni kupunguza mwangwi wa ndani. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo 2.7, ni mita za ujazo 24. Zidisha kwa 0.161, gawanya kwa ufyonzaji, yaani eneo linalomeza sauti. Kikiwa na ufyonzaji wa mita 4 za mraba, sauti inachukua kama sekunde moja kufa. Simamisha godoro, tundika mablanketi, ufike 8, inakuwa nusu sekunde. Kanuni hiyo ni ya Sabine, mwanafizikia wa Harvard. Mwaka 1895 alipewa ukumbi ambao neno lilibaki likielea sekunde 5.5, akawa anaazima mito ya viti vya ukumbi jirani, anapima usiku wa manane tramu zikilala, na kabla ya asubuhi anairudisha. Profesa mzima, na mito kwapani.

Maiki ya kondensa inataka volti 48 kutoka kwenye intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, la sivyo ni pambo. Kama nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, ndiyo kazi yako, weka maiki sentimita 30 hivi kutoka kwenye ngozi, na usipange kiwango kwa zile nyuzi nane. Kipange kwa pete ya chuma ya kidoleni mguuni inapogonga ubao, kwa maana hiyo ndiyo inayopasua rekodi. Kilele kiishie karibu desibeli 6 chini ya sifuri, maana sifuri ndiyo ukomo wa rekodi. Hifadhi WAV ya biti 24, usitume kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inakamuliwa hadi mbegu. Ukisikia mngurumo wa hezi 50, chomoa chaja, laptopu itumie betri. Ukitumia maiki mbili na besi ikayeyuka unapozichanganya, fundi aliyelehemu waya amebadilisha nafasi za pini 2 na 3 za plagi upande mmoja, na atakuapia kwa mama yake kwamba hajabadilisha.

Mchana huwezi kurekodi. Kuna boda, kuna mahubiri ya spika, na alasiri mvua ya Kisumu ikishuka juu ya bati hata Sabine angefunga daftari. Linabaki dirisha moja: saa nane usiku hadi saa kumi, kabla jogoo wa jirani hajaanza zamu. Ndipo unakaa na nyatiti yako kati ya godoro na mablanketi, unapiga, taratibu, pete inagonga.

Nyatiti, saa nane usiku. Kufikia saa kumi na moja mlangoni kuna akina mama watatu na sufuria, na mzee mwenye kiti chake mwenyewe, wanauliza nani ametutoka na mazishi ni lini. Wajibu kwa sauti ya chini. Teki ya pili bado inarekodi.