Kampasi za Mlimani: Zibaki au Zijitegemee?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maarufu kama Mlimani, kinajenga kampasi Kagera na Lindi. Fedha zinatoka kwenye mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia imeutengea dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu nchini. Mikoa hiyo miwili imesubiri chuo kikuu cha umma kwa muda mrefu, na furaha ya wenyeji ni ya haki kabisa. Mjadala uko kwingine: je, Mlimani inaweza kulea kampasi iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ofisi ya makamu mkuu wa chuo, au ingekuwa heri kuanzisha vyuo vyenye mamlaka yake tangu siku ya kwanza?

Si mara ya kwanza Mlimani kukutana na swali hili. Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 20. Shahada zilitoka Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka uliofuata kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe. Kwa hiyo Mlimani yenyewe ililelewa chini ya jina la wengine kwa miaka tisa.

Baadaye ikalea wengine. Kitivo cha kilimo kilianza Morogoro mwaka 1969, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kitivo cha tiba pale Muhimbili kilifanywa chuo kishiriki, yaani chuo kilicho chini ya chuo kikuu mama, mwaka 1991, kikajitegemea 2007. Ardhi ilikuwa taasisi, ikawa chuo kishiriki mwaka 1996, nayo ikaondoka 2007. Ukipiga hesabu kwa miaka hiyo, malezi yalichukua kati ya miaka 11 na 16, na hakuna hata kimoja kati ya vyuo hivyo kilichokufa.

Wanaotaka kampasi zibaki chini ya Mlimani wana hoja nzito. Mtaala wa shahada hupita idarani, kwenye ndaki (kundi la idara zenye fani zinazokaribiana) na kwenye Seneti, kisha hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa ithibati. Chuo kichanga hakina watu wa kukaa kwenye vikao hivyo wakasoma mtaala kwa jicho kali. Mara nyingi huanza na wahadhiri wasaidizi wenye shahada ya uzamili, na kumsomesha mmoja hadi uzamivu ni miaka minne au zaidi. Katika pengo hilo lazima awepo mwenye uzoefu wa kufundisha, kutunga mitihani na kusimamia tafiti. Tena mhitimu hubeba cheti chenye jina linalofahamika na kila mwajiri.

Ugonjwa nao hujificha papo hapo. Mhadhiri wa makao makuu anayeazimwa huja kwa wiki mbili, hufundisha asubuhi na jioni hadi somo la muhula mzima liishe, kisha huondoka. Kwenye ratiba somo limefundishwa. Mwanafunzi aliyekwama wiki ya tatu hana wa kumwuliza, na kazi za maabara, ambazo hazibaniki namna hiyo, hupunguzwa kimyakimya. Ndiyo maana idadi ya walimu kwenye orodha haitoshi kuhukumu kampasi. Hesabu wanaolala mjini hapo.

Wanaotetea kujitegemea hutazama fedha na maamuzi. Rasi, yaani mkuu wa kampasi, asiye na fungu lake la bajeti husubiri manunuzi yaidhinishwe kwingine, na kemikali za maabara zikichelewa, muhula haumsubiri. Makao makuu nayo yana njaa yake. Mlimani yenyewe ilibeba miaka mingi ya wanafunzi kubebana, wawili kitanda kimoja, kabla ya mabweni ya 2017 yenye nafasi 3,840, na maktaba mpya inayopokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja ilifunguliwa 2018. Bajeti ikibana, wa mbali huhesabiwa mwisho.

Kwa maoni yangu umbali na taaluma vipimwe pamoja. Chang'ombe (DUCE) na Mkwawa, Iringa (MUCE), zilifanywa vyuo vishiriki vya elimu mwaka huohuo, 2005, wakati sekondari zikiongezeka kwa kasi na walimu hawatoshi. Gharama yake haitajwi sana: taifa lilipoteza chuo cha ualimu upande mmoja na sekondari ya juu yenye jina upande wa pili. Leo hali zao hazifanani. Mwalimu wa Chang'ombe anaweza kufundisha Mlimani siku hiyohiyo akarudi nyumbani, hivyo kuitenga ni kuongeza ofisi tu. Mkwawa imeshapita umri ambao ndugu zake walijitegemea, na ipewe hati yake.

Lindi ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu imepangiwa kilimo. Mlimani ilikwisha kukabidhi kilimo Morogoro, na sasa inakirudia. Ilikabidhi tiba Muhimbili, na leo ina ndaki ya afya Mbeya. Mbeya inajitetea vizuri: daktari hafundishwi bila hospitali yenye wagonjwa wa kutosha, na hospitali ya rufaa ya kanda iko hapo. Lindi inaweza kujitetea kwa korosho na ufuta, mradi isinakili mtaala wa Morogoro. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilichobobea kwenye korosho, kiko Mtwara jirani. Watafiti wake wahesabiwe kama walimu na mashamba yake kama maabara kabla ya jengo la utawala kupakwa rangi. Bukoba, mkoani Kagera, nayo ina kituo cha Maruku kwa utafiti wa migomba.

Mfano wa kampasi iliyobaki na ikafaa upo Unguja. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo tangu 1978, na sasa inajengewa Buyu. Haijawahi kuhitaji kuwa chuo kikuu, kwa sababu kazi yake ni moja na bahari iko mlangoni.